Pango na Lango

Ndoa husimama juu ya nini? Aliye kwao hana haraka na swali hili, maana lilijibiwa kabla hajazaliwa. Kuna boma la baba, kuna wajomba na mashangazi, kuna ng'ombe au fedha zilizohesabiwa mbele ya wazee, na kuna jirani aliyekula chakula cha harusi ambaye hata baada ya miaka 20 anaweza kusema, "Nilikuwepo." Swali huanza kuuma pale hayo yote yanapoondoka kwa siku moja. Ndiyo maana sioni mahali pafaapo kuliuliza kuliko Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, zaidi kidogo ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi ya Rais Kamuzu Banda, na jina lenyewe limetoka katika kitenzi cha Kichewa kuleka, yaani kuacha. Mwaka 1994, mwaka uleule Banda aliposhindwa katika uchaguzi wa vyama vingi na mauaji ya kimbari ya Rwanda yakatawanya watu wa Maziwa Makuu, gereza lile likawa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo inabeba zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Katika mitaa yake, Kawale, Likuni, Katubza, Lisungwi, watu hupendana, huposana, huoana, hugombana na kuachana kama walimwengu wengine wote. Lakini hufanya hivyo bila boma, bila ng'ombe, na mara nyingi bila mjomba.

Majibu mawili huja upesi. La kwanza husema ndoa husimama juu ya mapenzi: waliopendana wamekwisha kuoana, mengine ni mapambo. La pili husema husimama juu ya karatasi: cheti, jina lililomo katika faili, idadi ya watu wa nyumba kama ilivyoandikwa. Mimi natetea jibu la tatu, kwamba ndoa husimama juu ya ahadi iliyosikiwa. Waswahili husema ahadi ni deni, na kila aliyewahi kukopesha anajua kuwa deni lisilo na shahidi hugeuka maneno matupu siku mdaiwa anapobadilika moyo. Ahadi ya ndoa ndiyo deni refu kuliko yote. Anayeiweka leo siye yuleyule atakayedaiwa baada ya miaka 30. Njaa, maradhi na safari vitakuwa vimemgeuza. Anahitaji mtu wa tatu wa kumkumbusha alikuwa nani siku alipolitamka neno lile. Ushahidi wangu nautoa katika maandishi ya kale yaliyosomwa na mataifa mengi, na ninachagua matatu ambayo kila moja limeiweka ndoa mikononi mwa mtu aliyekosa makao: Dido aliyetoroka mji wake, Ruthu aliyehamia nchi isiyo yake, na Romeo aliyefukuzwa Verona siku ileile ya harusi yake. Mkimbizi wa leo anaposoma habari zao hasomi mambo ya wageni.

Tuanze na Virgil, mshairi wa Kirumi aliyefariki mwaka 19 kabla ya Kristo akiwa hajamaliza kuusawazisha utenzi wake, Aeneid. Aeneas ni mkimbizi. Mji wake, Troy, umechomwa usiku. Amembeba baba yake begani, amemshika mwanawe mkono, na katika msukosuko wa njia amempoteza mkewe Creusa. Dido naye ni mkimbizi. Kule Tyre ndugu yake amemuua mumewe, naye akatoroka kwa merikebu pamoja na watu wake, akaanza kujenga Carthage, mji ambao magofu yake yako Tunisia ya leo. Mjane na mgane wanakutana ugenini, kila mmoja na msiba wake, na mapenzi yanazaliwa kama yanavyozaliwa kati ya watu ambao hawahitaji kuelezana mengi ili waelewane. Siku ya mawindo mvua ya radi inawatawanya wenzao, na wao wawili wanakimbilia pango moja. Tangu hapo Dido analiita jambo lile ndoa. Kisha miungu inamwamuru Aeneas aende Italia, na Dido anapomkabili, anajibu kwamba hakuwahi kuinua mienge ya harusi wala kuingia mkataba wa namna hiyo. Anang'oa nanga. Dido anajiua kwa upanga wa Aeneas mwenyewe.

Wasomaji wamebishana karne nyingi kuhusu nani mwenye kosa. Naona ubishi huo unapita kando ya jambo lenyewe, kwa sababu hakuna kati yao anayesema uongo. Kwake Dido ile ilikuwa ndoa, kwake Aeneas haikuwa, na katika Carthage nzima hapana mtu awezaye kusimama akasema ni neno gani lilitamkwa mle pangoni. Mashahidi wa pango walikuwa radi, ardhi na pepo wa mlimani, na hao hawaitwi barazani. Wala mapenzi hayakupungua. Mshairi mwenyewe anasema Aeneas aliondoka huku moyo wake ukitikiswa na penzi kubwa. Kwa hiyo jibu la kwanza, lile la mapenzi peke yake, limeanguka mbele yetu. Virgil anaonyesha pia kwamba kiti cha shahidi hakikai kitupu. Mara tu baada ya pango anamwingiza Uvumi, dubwana lenye macho, masikio na ndimi zisizohesabika, linaloruka kutoka mji hadi mji likichanganya kweli na uongo. Asipokuwepo aliyesikia, watasema wasiosikia. Kambini merikebu ya Aeneas ina jina jingine: inaitwa kesi. Wawili wameishi kinyumba, mmoja kesi yake inapita, anaitwa kwenda nchi ya tatu, na mwenzake hayumo katika faili. Hapo ndipo mmoja anaposema tulioana na mwingine anaposema tuliishi tu pamoja. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, merikebu nyingi zimekwama bandarini, na waliosubiri safari hawajui kama wajenge nyumba au wafunge mizigo. Mapango huongezeka katika hali kama hiyo, maana nani aweke ahadi mbele ya watu kama hajui mwaka ujao atalala bara gani?

Sasa tumgeukie Ruthu. Kitabu chake kina sura nne tu, na kinaanza na habari za uhamisho. Njaa inamtoa Naomi Bethlehemu na kumpeleka Moabu pamoja na mume na wana wawili. Huko mume anakufa, na wana nao wanakufa baada ya kuoa. Naomi anaporudi kwao, mkwewe mmoja, Ruthu, anakataa kumwacha. Ruthu ni Mmoabu, wa taifa ambalo Torati ililizuia kuingia katika kusanyiko la Israeli, na riziki yake ni kuokota masazo ya shayiri nyuma ya wavunaji. Mkimbizi yeyote anaijua riziki hiyo. Kisha unafika usiku ambao Ruthu, kwa shauri la Naomi, anakwenda uwanja wa kupuria nafaka na kulala miguuni pa Boazi, mwenye shamba. Hapo habari ya Ruthu inafika palepale ilipofika ya Dido: giza, mjane, mgeni, na hakuna anayeona. Boazi angeweza kulichukua giza lile kama lilivyokuja. Badala yake, kulipopambazuka alikwenda kuketi langoni pa mji, akamwita jamaa aliyekuwa na haki kabla yake, akawaketisha wazee kumi, akalieleza jambo waziwazi. Jamaa yule alipojitoa na kuvua kiatu chake kwa desturi ya kale, Boazi aliwataka wote waliokuwepo wawe mashahidi, nao wakakubali. Ukizilinganisha habari hizi mbili, hutaona kwamba Bethlehemu kulikuwa na mapenzi mengi kuliko Carthage. Utaona mwendo wa asubuhi moja, kutoka gizani hadi langoni. Kwa mwendo huo Mmoabu asiye na kwao akawa mama wa Obedi, na Obedi akawa babu yake Daudi.

Habari ya tatu ni ya Shakespeare, tamthilia ya Romeo na Juliet, iliyoandikwa karibu mwaka 1595. Wengi huikumbuka kama kisa cha mapenzi yaliyozuiwa na chuki ya koo mbili. Lakini itazameni saa ambayo mtu wa kwanza anauawa. Romeo na Juliet wamekwisha kuoana mchana ule, na aliyewafungisha ni mtawa mmoja, Laurence, anayetumaini kwamba siku moja ndoa hii itapatanisha nyumba zao. Muda mfupi baadaye Tybalt, binamu yake Juliet, anamtafuta Romeo ugomvi barabarani. Romeo anajua kwamba huyu sasa ni shemeji yake, na kwa hiyo hataki kupigana. Lakini hawezi kusema kwa nini. Rafiki yake Mercutio anaona upole ule kuwa ni woga, anachomoa upanga, anauawa. Romeo analipiza, Tybalt anakufa, na bwana harusi anafukuzwa kwenda Mantua. Sentensi moja ya ushahidi ingetosha kusimamisha panga zile, na mwenye sentensi hiyo alikuwa ameificha chumbani mwake. Watu hulaumu barua iliyokwama njiani kwa sababu ya karantini ya tauni. Mimi nasema barua ilihitajika kwa sababu ukweli ulikuwa umefichwa tangu mwanzo. Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, lakini ndoa hufichika, na ndoa iliyofichwa haimkingi mtu. Shahidi anayejua akanyamaza ni kama hayupo.

Dini zetu zililitambua hili mapema. Kwa karne nyingi sheria ya Kanisa la Magharibi ilikubali kuwa neno la hiari la wawili linatosha kufunga ndoa, hata wakilitamka peke yao kichakani, na mabaraza ya maaskofu yakajaa kesi za wanawake walioahidiwa na wanaume waliokana. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento, katika hati iitwayo Tametsi, ukadai ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu. Na Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 1116, zinakiri kwamba kuna mahali padri hapatikani: ikiwa kwa busara inaonekana hatapatikana kwa mwezi mzima, wawili wanaweza kufunga ndoa mbele ya mashahidi peke yao. Pimeni uzito wa kanuni hiyo. Padri anaweza kukosekana, shahidi hawezi. Katika Uislamu, madhehebu ya Shafi yanayofuatwa pwani yetu yanataka walii na mashahidi wawili waadilifu. Kurani, ambayo katika aya ya 282 ya Suratul Baqara inaamuru hata deni la mali liandikwe na kushuhudiwa, katika aya ya 35 ya Suratun Nisaa inaagiza kwamba ikihofiwa mfarakano kati ya mume na mke, atumwe mwamuzi mmoja kutoka watu wa mume na mmoja kutoka watu wa mke. Na asiye na walii, mafundisho yanasema, walii wake ni mwenye mamlaka. Hapa napo ndugu wa damu wanaweza kukosekana, na bado pakatafutwa mtu wa kusimama mahali pao.

Wenyeji wa Dowa na Lilongwe, Wachewa, wamempa mtu huyo jina. Wanamwita nkhoswe, na wakiwa wengi, ankhoswe. Kila upande una wake, kwa kawaida mjomba, na sherehe ya kuunganisha, chinkhoswe, hukamilika kwa kupeana kuku, jogoo kutoka kwa mwanamume na tembe kutoka kwa mwanamke. Mshenga wa kwetu akishamaliza posa kazi yake imekwisha. Nkhoswe hana siku ya kustaafu. Nyumba ikiwaka moto, yeye ndiye anayeitwa, na kuachana bila kupita kwake si kuachana. Sheria ya nchi imeifuata hekima hii kwa njia yake. Katiba ya Malawi ya mwaka 1994 inatambua ndoa za serikali na za mila, na pamoja nazo ndoa inayothibitika kwa sifa ya kujulikana au kwa kuishi pamoja daima. Bunge lilipopitisha sheria mpya ya ndoa mjini Lilongwe mwaka 2015, msingi huo ulibaki. Kujulikana na nani? Na majirani. Kwa maneno mengine, hata serikali yenye mihuri inarudi mwisho kwa watu waliokuwepo na kuwauliza walichoona. Karatasi hupata nguvu yake kwao. Ikikosa mtu wa kuisemea, imebaki wino.

Hapo ndipo jeraha la mkimbizi linapoonekana vizuri. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, na mwezi Mei wengi walikusanywa Lilongwe na kupelekwa huko. Tulihesabu maduka yaliyofungwa na watoto waliotolewa shuleni, na ilikuwa haki kuvihesabu. Lakini aliyeondolewa katika mtaa alioishi miaka kumi amepoteza pia watu wanaojua kwamba huyu ni mke wa yule, na kwamba walipogombana mwaka fulani walipatana. Amekuwa mkimbizi mara ya pili, na ndoa yake pia. Faili haiwezi kuiziba nafasi hiyo. Faili huhesabu vichwa, nayo ina kazi yake ya lazima. Lakini faili haikusikia sauti ikitetemeka wakati wa kusema ndiyo, na saa nane za usiku, mlango unapopigwa teke, faili haiji. Anayekuja ni mtu. Kwa sababu hiyo nawaheshimu sana wazee wa jumuiya kambini, viongozi wa makanisa na wa msikiti, na majirani wa Uvira, Fizi, Bujumbura au Cyangugu wanaokubali kuitwa wajomba na mashangazi wa vijana wasio wa damu yao. Wanafanya alichofanya Boazi: wanaketi langoni na kuwaita watu waketi pamoja nao. Udugu wa kuteuliwa ni udugu kamili ukibeba kazi ya udugu.

Nayajua mapingamizi, na la kwanza ndilo zito zaidi. Watasema: huyo shahidi unayemsifu ndiye ukoo, na ukoo ndio uliowatesa wapenzi tangu zamani. Ni ukoo unaopandisha mahari hadi kijana anakata tamaa. Ni ukoo unaomwoza binti asiyetaka. Ni baba yake Juliet aliyemtishia mwanawe kumtupa barabarani asipoolewa na Paris, mchumba aliyemchagulia. Pwani tunayo ndoa ya mkeka, ambapo wawili hukutwa pamoja na kuozwa papo hapo, mashahidi wakiwa wengi na hiari haipo. Na Burundi mwaka 2017 serikali iliwaamuru wote wanaoishi kinyumba wahalalishe ndoa zao kabla ya mwaka kwisha. Yote hayo ni kweli, nami sitayatetea. Lakini ndani yake wamechanganywa watu wawili ambao lazima tuwatenganishe: shahidi na mmiliki. Shahidi husikia neno la wenyewe na kulitunza; mmiliki husema badala yao. Baba yake Juliet hakusikia chochote, alitamka yeye. Kwamba wawili hawa hutengana, Wachewa wenyewe wanatuthibitishia. Kwa mila yao ya chikamwini, mume huhamia kijijini kwa mke, watoto ni wa ukoo wa mama, na hapana mahari kubwa inayomfanya mtu aonekane amenunuliwa. Hata hivyo nkhoswe yupo, na kazi yake ni nzito. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda waliokulia katika mila za ng'ombe na mbuzi wanaweza kujifunza kwa wenyeji wao kwamba ushahidi hauna bei. Kwa kijana wa Dzaleka asiye na hata kuku, hiyo ni habari njema.

Hapa pia sina budi kukiri jambo kuhusu Ruthu. Langoni pale Bethlehemu yeye hakuwepo, au kama alikuwepo, kitabu hakikumpa neno. Boazi alisema, wazee wakasema, naye alisemewa. Alikuwa amekwisha kusema usiku, kwa ujasiri mkubwa, lakini lango halikumsikia. Huo ni upungufu wa lango lile, nao tunaukuta katika fasihi yetu wenyewe. Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alipotunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alimwachia binti yake wosia wa namna ya kumridhisha mume, na vizazi vya mabinti vimelelewa kwa wosia huo. Nausoma kama kazi ya mama aliyetaka awepo katika ndoa ambayo hangeishi kuiona, na kwa hilo namheshimu. Lakini ni wosia wa upande mmoja, na tumekosea sisi wasomaji tulioufanya kuwa sheria nzima. Mzee anayemwambia mke avumilie na kumwambia mume asijali ameacha ushahidi na kuingia upande wa mwenye nguvu. Lango kamili humsikia mwanamke kwa kinywa chake mwenyewe, siku ya harusi na siku ya mashtaka. Ndiyo maana ni jema kwamba Malawi iliweka miaka 18 kuwa umri wa kuoana, katika sheria ya mwaka 2015 na kisha katika katiba yenyewe mwaka 2017. Mtoto hana bado neno la kushuhudiwa.

Pingamizi la pili linatoka tumboni. Wapo watakaosema kwamba ndoa za kambini huvunjwa na njaa: mgao umepunguzwa mara kadhaa, kazi nje ya kambi haziruhusiwi kwa uhuru, mume aliyekuwa fundi au mwalimu anakaa siku nzima bila la kufanya, na hasira yake inamwangukia aliye karibu. Kuzungumza habari za ahadi na mashahidi mbele ya sufuria tupu, watasema, ni anasa ya wenye kushiba. Sikubali kwamba ni anasa, ingawa nakubali kwamba njaa ni dhulma na inapaswa kuondolewa kwa chakula na kazi. Naomi na Ruthu walikuwa na njaa kuliko Dido, aliyekuwa malkia. Ndoa iliyosimama ilikuwa ya wenye njaa. Njaa huileta nyumba mbele ya hukumu, lakini haisemi hukumu itakuwa ipi. Nyumba yenye mtu wa kumwita inaweza kulia, kusikilizwa na kugawana aibu yake. Isiyo na mtu hulia ndani kwa ndani mpaka siku ya damu au ya kutoroka.

Wa tatu watasema: mapenzi ni ya wawili, ulimwengu una haki gani ya kuchungulia? Ninaungana nao kuhusu chumba. Chumba ni cha wawili, na jirani mwenye masikio ukutani ni Uvumi wa Virgil amevaa nguo za Katubza. Ahadi ni jambo jingine. Inagusa watoto watakaozaliwa, wazazi watakaozeeka, na mwenzi atakayebaki ikiwa mwingine ataitwa na kesi au na kifo. Na wanaohitaji lango kuliko wote ni wale ambao mapenzi yao yanavuka mipaka ya chuki tulizokuja nazo: Mfuliiru na Mnyamulenge, Mhutu na Mtutsi, Mkongo na mwenyeji wa Dowa. Msije mkawaambia vijana hao wasubiri koo zao zipatane kwanza. Verona ilisema hivyo, ikawazika. Kama upande wa baba hautaki kusikia, jumuiya inadaiwa kuwatafutia wazee wengine, kumi kama ni lazima, watakaoketi na kusikia. Tamasha la Tumaini, ambalo tangu 2014 huwaleta watu wa Lilongwe na kwingineko wakalala katika nyumba za wakimbizi na kula nao, limeonyesha kwamba Dzaleka inajua kupokea wageni. Mgeni anayeoa au kuolewa anastahili mapokezi hayohayo.

Kwa hiyo, enyi wazee, mapadri, wachungaji na masheikh wa Dzaleka, msingoje mahari itimie ndipo muwasikie wanaoahidiana. Wasikieni leo, mwandike majina ya waliokuwepo, mteue mjomba wa kila upande, na mwulizeni mwanamke kwa sauti mbele ya watu kama ndilo analotaka. Mkiitwa usiku, nendeni. Nanyi vijana mnaopendana katika mitaa ile ya matofali, usiku mliokutana ni wenu, hakuna anayewadai habari zake. Lakini kukipambazuka, mshikane mikono mwende mahali palipo na watu, mkaseme.